Kabla ya kumtafuta mhisani

Dadangu, umeuliza mtaro wenu hapo Kisauni, unaofurika kila masika, muutafutie mhisani gani. Ngojeni kwanza. Siku ya jua kali ufuateni kwa miguu hadi mwisho wake, na kila mkikuta kitu ulizeni "kwa nini?" tena na tena. Sisi wa Majengo, mtaro wetu nao ulipofurika, tuliapa kosa ni la mvua. Kumbe makumbi ya madafu yamekwama chini ya kidaraja! Na kwa nini yatupwe humo? Muuzaji hakuwa na pa kuyaweka, basi. Na vya kuuzibulia tulikuwa navyo wenyewe: mkokoteni ulikuwapo mtaani, machepeo ya msikiti pia, fundi wa zege jirani yetu. Mzee mmoja ndiye aliyejua mtaro wa zamani ulikopita. Mzee wenu kama huyo mtafuteni mapema, kabla ya kushika chepeo.