London na watoto watatu: anza na nauli

Dada, umeuliza utawatembezaje London watoto wa miaka 5, 9 na 13 Agosti hii bila kumaliza akiba. Basi la huko si matatu ya Bamburi: dereva hapokei pesa taslimu kabisa. Hao wadogo wawili hupanda bure wakiwa nawe. Wa miaka 13 mnunulie kadi ya Oyster, ile ya kulipia nauli, kisha mwombe mhudumu wa stesheni amwekee punguzo la wageni wadogo, la sivyo atakatwa nauli ya mtu mzima. Wewe na baba watoto, kila mmoja na kadi yake. Kwenye treni gusisha kile kisahani cha njano ukiingia na ukitoka. Ukisahau kugusisha ukitoka, unakatwa nauli ya juu kabisa. Kwenye basi ni mara moja tu, ukipanda.

Makumbusho ya mtaa wa South Kensington ni bure na yamekaribiana, ila Agosti foleni ya Natural History Museum inatesa watoto. Chukueni tiketi ya bure mtandaoni, ya saa nne asubuhi. Mahali pawili kwa siku panatosha. Na jua huzama karibu saa mbili usiku au zaidi, kwa hivyo walisheni kabla ya Magharibi.