Mafaili yanabaki kwa serva ya imprimanti

SWALI: Jambo fundi. Niko Bukavu, kwa biro yetu watu 40 tunaimprime kupitia serva moja ya Windows. Karatasi zinatoka muzuri, lakini mafaili yanabaki tu ndani ya spool (folda yenye kazi za kuimprime zinangojea) mpaka disko C inajaa, kila wiki niko nafuta kwa mukono. Nimechoka. Shida ni nini?

JIBU: Pole sana ndugu. Ndani ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS mafaili yanaendaka mbili mbili, .SPL ndio dokima yenyewe, .SHD ndio maelezo yake, nani ametuma na kwa mashini gani. Kawaida kazi ikiisha zote zinajifuta. Kama karatasi imetoka na faili limebaki, mbele ya yote fungua propriete za imprimanti, kwenye Avancé, angalia kama "Conserver les documents imprimés" iko na alama, mara nyingi kuna mutu aliigusaka zamani akasahau, toa tu. Kama si hiyo, mimi ningeshuku antivirusi, inashikilia faili wakati spuleri (programu ya Windows yenye inasimamia kazi za kuimprime) inataka kulifuta, iambie iruke ile folda. Na ruhusa za folda pia, kuna wafundi wanazikaza kupita kiasi.

Kusafisha yenye yamebaki: ngoja saa ya chakula, maana ukisimamisha ile spuleri ("Spouleur d'impression") biro yote inakwama na utatukanwa wewe, kisha futa mafaili (folda yenyewe usiiguse!) na uwashe tena. Kama C ni ndogo, spool unaweza kuihamisha kwa disko ingine, iko kwa propriete za serva ya imprimanti.