Kabla hujaiambia kompyuta ipunguze chuma

Mwaka wa mwisho chuoni nilisanifu fremu ya chuma ya jengo la ghorofa 20. Likizo nikarudi nayo Tanga, nikamwonyesha mjomba wangu, fundi wa kuchomelea kule Ngamiani. Nilikuwa natamba. Programu ilikesha ikitafuta fremu nyepesi kuliko zote, na iliipata. Mjomba akavaa miwani, akapita mchoro mzima kwa kidole. "Saizi kumi na tisa! Haya mabaki ya kukatakata utampa nani?"

Nilikuwa nimeuliza uzito, sikuuliza gharama, na kompyuta hujibu ulichouliza. Kila saizi mpya ina bamba lake, matundu yake ya bolti na uchomeleaji wake. Siku hizi nagawa nguzo na mihimili kwa makundi, kila kundi saizi moja, na orodha ambayo kompyuta inachagua humo naijaza vyuma vinavyopatikana sokoni tu.

Hata hivyo makundi 20 yenye saizi 30 za kuchagua kila moja yanatoa michanganyiko ambayo hesabu yake ina tarakimu 30. Huwezi kuijaribu yote. Ndiyo maana hutumika algoriti za kijenetiki: unaanza na fremu za kubahatisha, unabakiza zilizo bora, unazichanganya kama mkulima anayechagua mbegu. Iendeshe zaidi ya mara moja, maana majibu hutofautiana.

Kilichoniponza zaidi ni kuyumba. Jengo refu la chuma mara nyingi linaweza kubeba mzigo wake bila shida, ila upepo unalisukuma kupita kiasi. Langu lilikuwa mita 70. Kwa kipimo kilichozoeleka cha kimo kugawanya kwa 500, kilele kisisogee zaidi ya sentimita 14. Nikatoa chuma cha daraja la 275, nikaweka cha 355, chenye nguvu zaidi. Halikubadilika hata milimita! Chuma chenye nguvu zaidi hakipindi kwa shida zaidi. Ukakamavu wake ni ule ule.

Dawa ilikuwa umbo: vyuma vya mshazari. Mhandisi Fazlur Khan, mzaliwa wa Dhaka, aliviweka wazi nje ya John Hancock Center kule Chicago, ghorofa 100, akaokoa chuma kingi. Algoriti yangu isingebuni hilo, kwa kuwa niliipa saizi za kuchagua, sikuipa umbo.

Mchoro wa pili ulikuwa na saizi saba, na uzito umezidi kidogo. Mjomba akautazama, akauliza bolti ni za milimita ngapi. Nilikuwa sijaandika.