Turbini kusimama si lazima iwe mbovu

Hapana kaka, umeweka picha ya turbini ya upepo (mtambo wa kufua umeme kwa upepo) iliyosimama ukasema imekufa, lakini kusimama huku upepo unavuma hakumaanishi hivyo. Huenda mafundi wako juu. Nyingi hufanyiwa sevisi kila baada ya miezi 6 au 12: bolti hukaguliwa kama zimekaza kwa kipimo, beringi hupigwa grisi, sampuli ya mafuta ya giaboksi hupelekwa maabara. Na fundi haingii kwenye kitovu, pale mapanga (mabawa yanayozungushwa na upepo) yanapoungana, mpaka rota, yaani kitovu na mapanga yake, ifungwe kwa pini. Breki peke yake haitoshi, hilo halina mjadala.

Nimeifanya kazi hiyo kule Loiyangalani, Kenya, penye turbini 365, kabla sijarudi nyumbani Tanga.

Sababu nyingine ni upepo wenyewe kuzidi. Nyingi hujizima ukifika kama mita 25 kwa sekunde.

Zikijengwa huku kwetu pwani, kazi ya kreni kama kubadilisha panga ningeipanga wakati wa maleleji, kusi imeisha na kaskazi haijashika. Kreni na upepo mkali haviendi pamoja. Kutu ya chumvi nayo ingetaka ukaguzi wa karibu zaidi kuliko bara.