Re: Mpira wa mkojo wa kudumu au wa kuingiza na kutoa?

Pole kaka, hiyo ya mdogo wako aliyeumia uti wa mgongo, abaki na mpira wa kudumu au ajitoe mkojo mwenyewe kwa mpira wa kuingiza na kutoa, kama mikono inafanya kazi mi ningesema mwulizeni daktari awafundishe kujitoa. Mi wa kudumu ulikuwa unaziba kila mara na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) haziishi, sasa hivi najitoa kila masaa 4 mpaka 6, mikono sabuni kwanza, mkojo usizidi mililita 500 maana kibofu kikijaa sana unaweza kurudi kwenye figo. Kasheshe ni foleni ya Mbagala tu, natembea na chupa kwenye begi lol. Ila kama kaumia juu, kifuani kwenda shingoni, kichwa kikimgonga ghafla na jasho linamtoka usoni mkalishe wima, toeni mkojo fasta, presha hiyo inapanda vibaya, isiposhuka hospitali hapohapo.