Madarasa mapya Ruai: kabro au udongo?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ndogo ya msingi huku Ruai, Nairobi. Tumepata ekari moja, na mchoraji ametuletea ramani ya madarasa yaliyozunguka uwanja wa kabro tupu, yale matofali ya saruji ya kutandika chini. Walimu tunataka watoto wakue na miti, ndege na udongo. Wazazi wanahofia matope kwenye sare. Tuanzie wapi? – Mwalimu, Ruai

JIBU: Mwalimu, ramani hiyo msiitie sahihi bado. Ingojeni mvua kubwa, mvae gambuti, mwende kiwanjani mwone maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Mimi huanza hapo kila nipewapo kazi ya shule. Njia hiyo ya maji msiizibe kwa kabro. Itanueni iwe bonde la nyasi, lisilo na kina, na vyura watakuja wenyewe. Maji ya paa nayo yakingeni: mabati ya mita 100 za mraba, kwa mvua ya milimita 10 tu, huleta karibu lita 1,000. Watoto wapime wenyewe, hilo ni somo la hesabu.

Miti ndiyo inayonitia wasiwasi. Huko kwenu kuna ule udongo mweusi unaovimba wakati wa masika na kupasuka kiangazi. Mti ukiwa karibu na ukuta hunyonya unyevu chini ya msingi, udongo unanywea, nyufa zinaanza. Basi kila mti uwe mbali na jengo, angalau kadiri ya kimo chake utakapokomaa. Upande wa madarasa, kwa kufuata kipimo hicho, pandeni mipera na miforosadi, ambayo watoto watagombania matunda yake na ndege. Kule pembeni kabisa, mgunga mmoja wa gome la manjano. Huo unauvumilia udongo mweusi, na ndege aitwaye kwera hupenda kuujengea viota.

Madarasa yenyewe yatazame kaskazini na kusini, maana jua la Nairobi la asubuhi na la jioni ndilo linalochoma. Kizingiti cha dirisha kiwe chini, mtoto aliyeketi aone nje. Safari ya Karura mara moja kwa mwaka ni nzuri (msitu ule Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwaka 1999), ila mtoto anahitaji mti wa kuutazama kila siku.

Matope? Jengeni sinki refu lenye mabomba kadhaa nje ya milango ya madarasa, si kule vyooni, na rafu ya gambuti kando yake.