Siri ya Liyongo Bila Neno Hata Moja

Tangu tuonyeshe jukwaani kisa cha Fumo Liyongo, shujaa wa hadithi za Waswahili, bila neno hata moja, simu yangu haitulii. Dada mmoja wa Tanga, ambaye naye anaandaa igizo bubu kuhusu mirathi, lenye wosia wa mzee unaosomwa mbele ya ndugu, ameniuliza: "Kaka, watu walijuaje kwamba yule kijana ni mwanawe?" Namjibu hapa, maana najua wengi mna swali hilo hilo.

Nimefurahi mno. Zamani mwamuzi wa shindano fulani alitutoa akidai kazi yetu si tamthilia, ni kutikisa viungo tu. Yananiuma mpaka leo. Safari hii watu wazima wametoka ukumbini wakifuta machozi.

Kisa mnakijua. Liyongo hauawi na silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni. Mwanawe anaahidiwa na mfalme uwaziri pamoja na kuozwa bintiye ili aipate siri hiyo, anamwuliza baba, baba anamwambia. Undugu, ahadi, siri: vyote vinakaa kwenye maneno! George Balanchine, bingwa wa baleti, dansi ya jukwaani isiyo na maneno, alisema kwenye baleti hakuna mama mkwe, yaani undugu hauonyesheki kwa kucheza tu. Mimi naamini undugu unachezeka, mradi wahusika wapewe kitu cha kushika. Kijana wetu anahangaika kuvuta upinde wa Liyongo, hauvutiki. Liyongo anapiga goti nyuma yake, anaweka mkono juu ya mkono wake, wanavuta pamoja. Baada ya hapo nani aulize?

Siri ndiyo iliyotutoa jasho. Kijana anamchezea baba: anamgusa kwa kisu, baba anacheka, kwa ncha ya mkuki, anacheka zaidi. Anaokota sindano ya shaba ya kushonea, na mkono wa baba unaruka kufunika kitovu. Kicheko kinakatika. Kijana ameona, na ukumbi mzima umeona.

Tazameni baleti ya Giselle, iliyoanza kuchezwa Paris mwaka 1841. Kijana wa ukoo wa kitawala anajifanya mkulima na kuficha upanga wake. Mpinzani wake anaugundua, anaulinganisha na baragumu la wawindaji wa kifalme: nembo ni ile ile. Uongo umefichuka, na upanga tuliuona ukifichwa tangu mwanzo.

Basi wenzangu, kitu kionekane kabla hakijahitajika. Acheni kurudi nyuma kwenye matukio ya jana, jukwaa bubu halina jana. Acheni kuchezesha midomo kama mnaongea. Huo ni uvivu, na mtazamaji anauona. Mwonyesheni mazoezi mtu asiyekijua kisa, kisha mwacheni awasimulie. Atakapokwama, hapo pana kitu kinakosekana jukwaani.

Na wewe dada, huo wosia unaosomwa mbele ya ndugu uondoe. Weka funguo za nyumba. Zionekane kiunoni mwa mzee tangu anapoingia mara ya kwanza, ili akishafariki, kila jicho liwe linatafuta nani kazichukua.